Mita ya udongo 3 kwa 1 (maji, mwanga, pH): uzoefu wangu

Jamani hii mita ya vijiti viwili isiyotumia betri, ile yenye swichi ya kuchagua unapima nini, nimeshakaa nayo kiangazi kizima sasa naweza kuiongelea. Niko Wazo, Dar, kilima kilekile wanachochimba mawe ya chokaa ya saruji, kwa hiyo udongo wa kuchota hapa nje una chokaa tayari, na maji ya kisima ukiyachemsha sufuria inabaki na magamba meupe.

Upande wa maji iko poa sana. Unachomeka mpaka usawa wa mizizi, siyo juujuu, mshale ukisimama 3 kushuka chini basi mndimu wangu wa kwenye ndoo una kiu, ukiwa 7 achana nao hata kama juu pamekauka kau. Shubiri mi nasubiri ifike 1 kabisa. Ila ujue inategemea umeme mdogo unaopita kati ya vijiti, kwa hiyo kama juzi umeweka mbolea ya dukani au maji yako yana chumvi itakwambia pamelowa wakati wapi, na udongo wenye pumba nyingi, ule ulioachanaachana, itausoma mkavu.

Mwanga sijahangaika nao, macho ninayo.

Sasa pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo: 7 ni katikati, chini ya hapo asidi, juu ya hapo ni kinyume chake. Mshale unaganda kwenye 7, mndimu 7, mboji tupu 7, chungu cha jirani 7! Nimesugua vijiti kwa msasa laini kama karatasi ya maelekezo inavyosema, nimelowesha udongo, nimesubiri, holaa. Nikanunua vikaratasi vya pH duka la vifaa vya maabara, nikakoroga udongo na maji ya mvua, nikauacha utulie ndo nikachovya, kikageuka kijani cha kuelekea bluu, 8 hiyo. Nikadondoshea siki kwenye udongo mkavu ukatoa mapovu shwaaa, chokaa hiyo. Ndo maana majani ya mndimu yalikuwa ya njano huku mishipa ya kijani, chuma kimo kwenye udongo lakini pH ikipanda mizizi haiwezi kukivuta.

Watu wa pembejeo watakwambia weka salfa, ileile ya kupuliza mikorosho. Inashusha kweli, ila mpaka bakteria wa udongo waigeuze kuwa asidi ni miezi, na udongo unaotoa povu kwa siki utaumwagia salfa mpaka uchoke. Mi nimebadilisha udongo wote, mboji na mchanga wa mto, na maji ya mvua nikiwa nayo. Majani mapya yanatoka kijani, yale ya zamani yamebaki hivyohivyo.

Usiiache imechomekwa kwenye chungu, vijiti vinaliwa, futa kwa kitambaa kikavu uweke. Bei elfu ishirini na kitu, kwa kupima maji tu naona sawa, ila aliyeninadia kwamba hii ni mashine ya pH huyo anajua anachokifanya.