Inkscape kwa logo zenye mianya: inatosha kazi ya stika na fulana?

Kwa anayechora logo za kampuni za utalii Arusha au za mifuko ya kahawa Moshi, Inkscape ni programu ya bure inayoiweza vizuri kazi moja inayolipuliwa kila siku: kukata mwanya halisi kati ya maumbo yanayopandana. Chukua ile logo ya kila mtu huku kwetu, vilele vya Kilimanjaro, Kibo mbele na Mawenzi nyuma, vyote rangi moja. Bila mwanya, vilele hivyo vinakuwa tuta moja. Njia ya mkato ni kumzungushia Kibo mstari mweupe, na kwenye skrini nyeupe inapendeza kweli. Ngoja ifike kwenye mlango wa Land Cruiser ya kijani. Ukichapwa, mstari ule unabaki mweupe. Plota ya kukata stika haiujali kabisa. Inafuata kingo za maumbo yote mawili, kingo zinakatana, na stika inatoka vipandevipande.

Kuna na balaa jingine la mstari mweupe: kama kitufe cha kupunguza unene wa mistari pamoja na umbo kimezimwa, ukiishusha logo kutoka sentimita 40 hadi sentimita 3, mstari wa milimita 8 unabaki milimita 8 na kuimeza milima yote.

Kukata kwenyewe hakuchukui muda. Geuza kwanza maumbo na maandishi yote yawe njia za vekta (path), yaani kingo zinazoweza kukatwa na kuunganishwa, kwa Ctrl+Shift+C. Chagua Kibo, bonyeza Ctrl+D upate nakala iliyolala juu yake pale pale. Fungua dirisha la rangi na mistari (Ctrl+Shift+F), uipe nakala hiyo mstari wa ukingo. Hapa ndipo vipimo vinapokosewa: mstari hukaa nusu ndani na nusu nje ya ukingo, kwa hiyo mwanya wa milimita 4 unataka mstari wa milimita 8. Kisha Ctrl+Alt+C, mstari unageuka kuwa umbo.

Kuanzia toleo la 1.0 la mwaka 2020, amri hiyo inarudisha kundi lenye vitu viwili, mjazo na pete ya ukingo. Tenganisha kundi kwa Ctrl+Shift+G, halafu unganisha viwili hivyo kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Usiruke hatua hii. Ukikata kwa pete peke yake, kipande cha Mawenzi kinabaki kimejificha nyuma ya Kibo. Rangi ni ile ile, jicho halikioni, plota inakikata.

Mwisho shikilia Shift, ongeza Mawenzi kwenye uteuzi, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa, yaani Difference kwenye menyu ya Path. Cha juu hutolewa kwenye cha chini. Nakala inatoweka, Mawenzi amekatwa, Kibo halisi hajaguswa. Kikitokea kinyume, ni mpangilio: Mawenzi alikuwa juu. Rudisha kwa Ctrl+Z, mshushe kwa Page Down.

Vilele vyenye ncha vinataka uangalizi wa pekee. Chagua kona kali (Miter) kwenye mtindo wa mstari, na uangalie namba ya kikomo cha urefu wa ncha iliyo jirani. Ikiwa 4, kona yoyote iliyo chini ya takribani nyuzi 29 inakatwa butu, na mwanya unapoteza umbo pale pale kwenye ncha. Ipandishe hadi 10. Ctrl+Alt+J, inayotengeneza umbo la nje linalofuata kila badiliko la umbo mama, ni nzuri ukiwa bado unahangaika na mchoro, ila kona zake huja za mviringo: kwa jani la kahawa sawa, kwa Mawenzi hapana.

Toleo la 1.3 la mwaka 2023 lilileta zana ya kujenga maumbo, herufi X. Unaburuta kipanya juu ya vipande vya kuunganisha, unashika Shift kufuta usivyotaka, Enter kumaliza. Ni ya haraka, lakini haikupi upana wa mwanya; lazima mstari mpana uwe umeshageuzwa umbo kabla.

Kabla ya kutuma, weka mstatili wa rangi ya waridi nyuma ya logo, kisha bonyeza Ctrl+5 hadi uone mistari mitupu. Mistari ikipishana popote, bado hujakata. Kuficha sehemu ya umbo kwa barakoa (clip au mask) pia hakuhesabiki, kwa sababu umbo zima bado lipo ndani ya faili.

Mwanya wa milimita 4 kwenye logo ya sentimita 40 unakuwa milimita 0.3 kwenye kadi, logo ikiwa na upana wa sentimita 3. Kadi inauvumilia. Fulana inayochapwa kwa wino unaopitishwa kwenye wavu (screen printing) haiuvumilii, wino unasambaa na kuuziba. Tengeneza faili la pili lenye mwanya mara mbili kwa vitu vidogo.

Inapopungukiwa: haihifadhi faili za CorelDRAW, na karakana nyingi za stika zinatumia hiyo, wapelekee PDF. Rangi zake ni za skrini ya kompyuta, si za wino wa mashine. Kwa stika ya kukata si neno, maana rangi ni ya karatasi ya stika yenyewe. Kwa brosha, kubaliana rangi na mchapaji kwa sampuli iliyochapwa kabla hujalipa.