Kabureta ya Amal: Ipi Ununue, na Tundu Ambalo Muuzaji Halitaji

Malalamiko ya wenye pikipiki za Triumph na BSA za zamani hapa Malindi ni yaleyale. Tangi limepakwa rangi upya, kromu inang'aa, waya zimebadilishwa zote, na bado injini inazima kila mtu akiachia mafuta. Ikiwaka, inawaka kwa kiki kumi na petroli kumwagika. Fundi akichoka anapandisha skrubu ya slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka kufungua koo la kabureta, ili injini ikae juu juu, anarudisha pikipiki kwa mwenyewe, na biashara imekwisha. Baada ya hapo ndipo mtu anauliza anunue kabureta gani.

Rangi na mng'ao wa kabureta sina haja navyo hapa. Jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli ya mwendo wa juu, nayo itabadilishwa kwa dakika tano. Kinachoamua kama pesa zako zimekwenda vizuri ni tundu lenye upana wa inchi 0.016, yaani milimita 0.4, lililofichwa ndani ya bodi.

Kwanza ujue pikipiki yako ilitoka kiwandani na nini. Amal, kampuni ya Kiingereza ya kabureta, walileta aina ya Monobloc mwaka 1955, kisha aina ya Concentric mwaka 1967. BSA C15, kwa mfano, ni ya Monobloc, aina ya 375. Triumph Bonneville ya 1968 ina Concentric mbili za 930, moja ya kulia na moja ya kushoto. Namba imepigwa kwenye bodi. Katika Concentric, R au L ni upande zilipo skrubu za kurekebishia, tarakimu ya kwanza ni ukubwa wa bodi (6 au 9), na mbili zinazofuata ni kipenyo cha koo kwa milimita. Kwa hiyo 626 ni ya milimita 26, na 932 ni ya milimita 32. Muuzaji anayeandika "inaingia Triumph 650" bila kukupigia picha namba hiyo, mpite.

Sasa lile tundu. Kwenye Concentric nyingi, petroli ya mwendo wa chini hupita kwenye bushi ndogo ya shaba iliyokandamizwa ndani kabisa ya njia ya skrubu ya hewa. Haifunguki, na usipomulika tochi huioni. Bodi yenyewe ni aloi ya zinki, na zinki na hewa ya bahari hazipatani. Pikipiki ikilazwa tangu kusi ianze hadi mwenyewe arudi Desemba, petroli inakauka kwenye bakuli, unyevu unaingia, na unga mweupe unaota ndani ya zile njia. Jeti kuu ni pana na inafunguka, kwa hiyo fundi anaisafisha, anaipulizia hewa, anaridhika. Bushi inabaki imeziba.

Dalili yake ni moja: injini ikiwa imewaka, zungusha skrubu ya hewa ndani na nje. Kawaida inaanzia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kabisa, na injini lazima ibadilike sauti. Ukizungusha mpaka skrubu inakaribia kutoka na injini haijali, njia imeziba. Toa kabureta, ondoa bakuli na ile skrubu, ingiza mrija wa dawa ya kopo ya kusafishia kabureta kwenye tundu la skrubu, ziba njia nyingine kwa vidole, kisha puliza. Chini ya koo, karibu na slaidi inapokaa, pana vitundu viwili. Dawa lazima iruke kwenye vyote viwili, kama mshale. Ikitoka kimoja tu, au ikidondoka tone tone, chukua kichimbio namba 78 au uzi wa gitaa wa 0.016, usukume polepole kwa mkono. Kwa mkono, si kwa drili! Shaba ni laini. Ukipanua bushi, umeharibu kabureta ambayo ilikuwa imeziba tu.

Jambo jingine linalowachanganya watu: bodi nyingi zenye bushi bado zina tundu tupu lenye uzi upande wa chini, mahali jeti ya mwendo wa chini ilipokuwa kwenye Concentric za mwanzo. Liache tupu. Ukifunga jeti hapo petroli itabanwa mara mbili, na injini itakuwa na njaa.

Nikipanga kwa ubora, mpangilio wangu ni huu, na sifichi kwamba naipendelea Amal.

Namba moja ni Amal Premier mpya, ya kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza. Kwa macho ni Concentric ileile, inakaa palepale, kebo ileile. Ila jeti ya mwendo wa chini inafunguka, na hilo peke yake lingenitosha kuilipia. Juu ya hapo slaidi ni ya alumini iliyotiwa ngozi ngumu, haimomonyoki kama zinki inayosuguana na zinki, na floti yake inarekebishika kimo. Kwa mtu anayeishi mita mia tano kutoka baharini, mjadala umekwisha.

Kama pikipiki yako ni ya Monobloc, usihamie Concentric kwa sababu tu ya kusikia sifa. Jeti ya mwendo wa chini ya Monobloc inafunguka kwa chini tangu zamani, na Monobloc mpya zinatengenezwa. Nunua Monobloc mpya.

Namba mbili ni Amal Concentric Mk1 ya kawaida, mpya. Bushi ni ya kukandamizwa, ila ni safi na unajua imeanzia wapi. Iagize pamoja na slaidi ya alumini, na uwe na mazoea ya kumwaga bakuli kila pikipiki inapolala zaidi ya wiki mbili. Bakuli za baadaye zina nati ya kumwagia chini. Za awali hazina, itabidi ufungue skrubu mbili.

Namba tatu ni Amal ya zamani iliyotumika, na hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Muuzaji anaipiga bodi kwa chembe za kioo mpaka inang'aa kama sufuria mpya, anaandika "imefanyiwa ukarabati", na bei inapanda hadi inakaribia ya Premier. Zile chembe zimeingia kwenye njia za mwendo wa chini na hazitoki kwa kupuliza. Afadhali bodi chafu yenye unga mweupe kuliko inayong'aa hivyo. Omba picha nne: namba iliyopigwa, uso wa flanji (sehemu inayofungwa kwenye injini) ukiwa na rula juu yake, slaidi pande zote mbili, na ndani ya njia ya skrubu ya hewa ikimulikwa tochi. Flanji ikionyesha mwanga katikati ya rula, mtu alikaza nati kupita kiasi. Bodi imepinda, na slaidi itakwama ikipata moto. Nati hizo hukazwa kiasi cha kubana oringi tu. Slaidi ikicheza ndani ya koo kama jino bovu, hewa inapita pembeni na hakuna skrubu itakayoituliza injini. Uchakavu huo unaweza kutengenezwa kwa kuchonga na kuvika silinda, lakini piga hesabu kabla hujalipa.

Angalia pia kama kabureta imetoka kwenye injini ya mipigo miwili. Neli ya kunyunyizia ndani ya koo hukatwa mshazari kwa mipigo miwili, na huwa bapa kwa mipigo minne. Picha ya tangazo haitakuonyesha hilo.

Mikuni VM, ya Kijapani, ni kabureta nzuri na jeti zake zote zinafunguka. Lakini inataka mpira wa kuunganishia, jeti zianze kutafutwa upya, na haina kile kitufe cha kufurikisha petroli. Ukitaka kwenda Mambrui na kurudi, inafaa. Ukitaka pikipiki iwe kama ilivyotoka kiwandani Birmingham (BSA) au Meriden (Triumph), haifai.

Kabureta za bodaboda za PZ madukani: rahisi, zinapatikana leo hii, na haziifahamu injini yako.

Sasa gharama. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwenye bei ya kabureta peke yake. Inapigwa baada ya nauli, bima na ushuru kujumlishwa. Ndiyo maana kuagiza oringi mbili leo na gaskiti mwezi ujao ni kujitia hasara. Kwa Bonneville ya kabureta mbili, agiza mara moja: kabureta L na R, oringi za flanji nne, gaskiti za bakuli nne, sindano za floti mbili, jeti za sindano (zile sindano ya slaidi inamoingia) namba 106 mbili za akiba, na jeti kuu za juu na chini ya namba unayotumia. Jeti za sindano za 105 na 106 zinatofautiana sehemu moja ya elfu ya inchi, jicho halioni, kwa hiyo zisome namba zikifika kabla hujatupa pakiti. Kuna wauzaji wa mtandaoni wanaochanganya hizo mbili mara kwa mara, kisha wanataka uzirudishe Uingereza kwa nauli yako.