Nililipa niandikiwe uvumbuzi, nikaandikiwa kifuniko

Niseme mapema: huenda kuna watu wamefanyiwa kazi nzuri na wakala huyu wa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi (patent). Ukutani kwake vyeti vimejaa, vingi vya nembo za maduka na majina ya maji ya chupa. Kama una nembo, nenda, utanishukuru. Kama una kifaa, hasa kifaa cha thieta ya upasuaji, soma hapa kwanza. Jina silitaji. Ofisi iko Moi Avenue, ghorofani, na aliyewahi kupanda ngazi zile atamjua.

Mimi ni skrabu nesi hapa hapa Mombasa. Kazi yangu ni kumpa daktari vyombo mkononi na kuvipokea. Watu wa nje hudhani cha kuogopwa thieta ni kisu, lakini sisi tunaogopa sindano. Sindano ya kushonea imepinda, inakwenda na kurudi kati ya mikono miwili yenye glavu za damu, usiku wa manane, wote mmechoka, na ncha yake iko wazi muda wote. Ukichomwa unaandika ripoti, unatolewa damu, na unaanza dawa za PEP za siku 28, za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo wengine hazituachii hamu hata ya mahamri. Mimi nilizimeza. Nilipozimaliza nikaenda kwa fundi mmoja wa Majengo anayetengeneza vitu vidogo vidogo vya chuma, nikamwambia nataka gamba.

Gamba lenyewe linateleza juu ya koleo la sindano, lile la kushikia sindano wakati wa kushona, na kusukumwa mbele na springi. Kufunika ncha si jambo jipya, na hilo nilimwambia wakala siku ya kwanza kwa mdomo wangu. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 kuwabana waajiri watumie vyombo salama zaidi vya sindano, na kabla yake watu walishahangaika na vifuniko vya kila aina. Upya wetu uko kwenye ulimi, kipande kidogo kinacholifunga gamba. Mnaojua koleo la sindano mnajua lina meno ya kufungia kule kwenye vishikio, unasikia tak, tak. Kwenye letu, ukifunga jino la kwanza tu, sindano imeshikwa lakini gamba liko mbele, ncha imefunikwa. Hivyo ndivyo ninavyompa daktari. Yeye akifunga mpaka jino la mwisho, taya zinausukuma ulimi na gamba linarudi nyuma lenyewe. Habonyezi kitu. Kidole gumba hakipewi kazi mpya. Daktari ukimwongezea kazi ya kidole gumba, kifaa chako kitaishia kabatini. Nimeona vingi vikiishia huko.

Nilimwandikia wakala kurasa nzima kuhusu hayo meno na ulimi. Kijana wa dadangu, anayesoma uhandisi pale Chuo cha Kiufundi Tudor, akachora michoro safi, kila sehemu na nambari yake. Ulimi ni nambari 14, mchoro wa tatu. Tukalipa. Laki na ushee, si pesa za kuokota Kongowea.

Sasa kwa wasiojua, ombi la hataza lina maelezo na lina madai. Maelezo yanasimulia kifaa kinavyofanya kazi. Madai ndiyo mipaka ya kiwanja: kilichobaki nje, hata ukisimulie kwa kurasa kumi, si chako, mtu yeyote anaweza kujenga. Na mkaguzi anapolinganisha uvumbuzi wako na vilivyotangulia duniani, anachopima ni madai.

Dai langu la kwanza, wallahi, ni hili: kifaa cha upasuaji chenye sindano iliyopinda, koleo la kuishika, na kifuniko cha kufunikia ncha ya sindano. Nukta. Dai la pili, kifuniko hicho ni cha plastiki. La tatu, ni cha chuma. La nne, ni cha plastiki au chuma! Ulimi haumo. Meno hayamo. La mwisho kabisa, njia ya kumshona mgonjwa kwa kutumia kifaa hicho.

Hilo la mwisho lilinifanya nicheke kwa hasira baadaye. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba njia za kumtibu binadamu kwa upasuaji hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Vyombo vinavyotumika katika njia hizo ndivyo vinavyokubalika. Nesi ameisoma sheria hiyo kwenye simu akisubiri feri ya Likoni. Mwenye vyeti ukutani hakuisoma?

Ripoti ya mkaguzi ilikuja baada ya muda mrefu, nilikuwa nimeshakata tamaa. Madai yote yamekataliwa. Dai la kwanza si jipya, kwa sababu kuna hati ya zamani ya Marekani yenye sindano, koleo na kifuniko, vyote vitatu. Plastiki na chuma hazikuokoa kitu. Njia ya kushona imetupwa kwa sababu niliyoitaja. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi na tumbo linawaka. Halafu nikafika ukurasa wa mwisho. Mkaguzi ameandika kwamba sehemu nambari 14 inaonekana kwenye mchoro wa tatu lakini haijadaiwa popote, na kwamba mwombaji anaweza kuifikiria.

Nilisoma mstari huo nikausoma tena. Mtu ambaye sijamwona, hajala pesa yangu ya uwakala, ameketi huko kwake akatazama mchoro wa kijana wetu mpaka akauona ulimi. Na niliyemlipa hakuuona. Hapo ndipo nilipokuwa tayari kuandika sifa tupu kuhusu ukaguzi wa hataza nchini, na wakala ningempa hata nyota mbili, kwa sababu ya haki alipeleka ombi haraka, na tarehe ya kupeleka ni mali. Anayetangulia ndiye mwenye haki. Si haba, nilisema moyoni.

Nikaingia kwake na ripoti mkononi.

Alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, anabishana kuhusu ploti ya Mtwapa. Akaniashiria nisubiri. Nikasubiri nimesimama, kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa na mafaili. Ploti ikaisha, ikaja ya Kikambala. Alipomaliza nikamweleza polepole, kwa adabu, kwamba ulimi haumo kwenye madai na ulimi ndio kitu chenyewe. Hakuichukua ripoti. Alikuwa ameinamia simu yake, anaandika ujumbe, akanijibu bila kuinua kichwa: “Sista, si uliniambia ni sindano? Nimeandika sindano.”

Nikamwambia, nilikupa kurasa nzima za ulimi. Akasema, “Zile nilizipunguza, mamangu. Maneno mengi. Mkaguzi hapendi maneno mengi. Wewe rudi kazini, haya ni mambo ya kisheria.” Kisha akamwita msichana wa mapokezi aniandalie ankara ya ada ya kujibu ripoti.

Mamangu! Namzidi umri kidogo tu, na heshima hiyo ningeipokea vizuri kama ingekuja na macho. Nimesimama na madaktari wa kila tabia, waliorusha vyombo chini, waliotukana, lakini hata yule mbaya kuliko wote huniangalia mkono ninapompa sindano, maana asipoangalia tutachomana.

Lakini ufidhuli ningeusahau kwa Idi inayofuata. Kisichosahaulika ni hilo neno “nilizipunguza”. Niligundua uzito wake usiku ule nyumbani, mimi na kijana wa dadangu tukipitia faili. Madai unaweza kuyarekebisha ukaguzi ukiendelea, ndiyo, na mkaguzi mwenyewe ametufungulia mlango. Ila marekebisho hayawezi kuvuka kile kilichokuwamo kwenye ombi siku lilipopelekwa. Ulimi unaonekana kwenye mchoro, kwa hivyo unaweza kuingia. Aya ya meno, ile ya jino la kwanza na jino la mwisho, imekatwa. Haimo kwenye maelezo, haimo popote. Hairudi. Naweza kuipeleka kama ombi jipya, lakini itapewa tarehe mpya, na yeyote aliyepeleka kitu kama hicho katikati hapo ameshanipita.

Angeniuliza tu. Simu yangu anayo, ankara hufika bila kupotea njia.

Jibu la kwanza alilipeleka yeye, ulimi ukaingia kwenye dai la kwanza, kidogo nikapoa. Ripoti ya pili ikaja, na sasa mkaguzi niliyemsifu akanitia tumbo joto na yeye. Upya amekubali. Lakini anasema hakuna ubunifu wa kutosha: ukichukua ile hati ya kwanza yenye kifuniko, ukaiunganisha na nyingine yenye kifuniko cha sirinji kinachofungwa kwa ulimi wa springi, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angefika pale pale bila kuumiza kichwa. Mtu huyo mwenye ujuzi wa kawaida ningependa nikutane naye. Aje zamu ya usiku, upasuaji wa dharura wa mama mjamzito, aniunganishie hizo hati mbili mbele ya daktari.

Nilikasirika, nikatulia, nikakasirika zaidi, kwa sababu mkaguzi kwa haki yake hakukosea kuuliza. Ulimi wa ile sirinji unafunguliwa kwa kidole gumba. Wetu unafunguliwa na taya zenyewe. Tofauti ndiyo hiyo, ni moja, na iliandikwa kwa ukamilifu kwenye ile aya aliyoiona Bwana Ploti kuwa maneno mengi. Mkaguzi atajibu nini kwa aya ambayo hajawahi kuletewa? Nimemwangushia lawama siku mbili hivi, nikamwondolea.

Na kuna mengine nayapitia mbio. Alituahidi hataza itatulinda “mpaka China”. Hataza ya dunia nzima haipo. Inalinda kwenye nchi iliyotolewa, na ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la Afrika la mali ya viwanda, kule Harare. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kwenda nchi nyingine ukiwa na tarehe yako ya mwanzo. Alipoutaja, miezi hiyo ilikuwa imeshakwisha. Wala hakutuambia kwamba mkazi wa Kenya halazimiki kuwa na wakala. Anayelazimishwa ni mwombaji anayeishi nje ya nchi. Utafutaji wa hati zilizotangulia nao nimeufanya mwenyewe bure, hati za sindano na koleo zimepangwa chini ya fungu A61B 17/06 na ndugu zake, unafungua Espacenet, maktaba ya hataza mtandaoni, unasoma mpaka macho yanauma. Ile hati ya kifuniko iliyotuua nimeipata kabla kahawa haijapoa. Naye alitutoza ada ya “utafutaji wa kina”.

Kwa hivyo nyota ngapi? Msichana wa mapokezi ni mstaarabu, alinitolea nakala za faili zima bila kunitoza na akaniwekea maji. Tarehe ya kupeleka tunayo. Mbili, basi. Nikikumbuka ile aya, moja. Nikikumbuka “nimeandika sindano”, hiyo moja naiona ni nyingi.

Jibu la ripoti ya pili tumeliandika sisi, mezani kwangu. Tumeegemea mchoro wa tatu: nambari 14 imegusa taya pande zote mbili, wala hakuna kitufe cha kidole mahali popote kwenye mchoro, na mwenye macho ataona nini kinausukuma ulimi. Sijui kama itatosha. Isipotosha, tutaomba ligeuzwe kuwa ombi la cheti cha yutiliti modeli, ambacho hakidai ubunifu mkubwa, kinataka kitu kiwe kipya na kinachofaa viwandani. Miaka kumi badala ya ishirini. Fundi wa Majengo anasema kumi inatosha. Mimi bado roho haijakubali.

Karatasi ya kumwondoa wakala nimeshaijaza na kuipeleka. Juzi amenitumia ankara nyingine, ada ya kufunga faili. Siilipi.