Wiki tatu za mafunzo, mbwa karudi anaogopa hata mkono unaomlisha

Jina la kituo silitaji, wenyewe wanajijua. Mbwa akirudi kutoka mafunzoni anajibwaga chini kila mtu anaponyanyua mkono, huyo hajafundishwa, katishwa. Na vitisho nimevilipia kwa bei ya mafunzo.

Siku ya kumchukua, mwalimu alimtoa Tomi bandani anionyeshe kazi yake. "Siti!" Tomi akakaa. "Dauni!" Akalala. Asiyejua mbwa angepiga makofi. Anayejua angetazama kichwa: masikio yamelala nyuma, ulimi unalamba pua na hakuna chakula karibu, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mkia umebanwa tumboni. Tena anapiga miayo saa nne asubuhi, na usingizi hana. Mbwa mwenye hofu ndivyo anavyosema. Nikauliza kwa nini shingo ina mstari usio na manyoya. Jibu: "Dada, mbwa hahitaji mapenzi, mbwa anahitaji bosi." Akacheka, mnyororo wa kukaba unaning'inia kiunoni mwake kama funguo za stoo.

Sentensi hiyo bado haijanitoka kichwani, ndiyo maana naandika.

Mbwa aliyefundishwa kwa kukabwa hatii neno, anaokoa shingo. Ukivua mnyororo, sababu ya kutii umeivua pia. Ndiyo maana kituoni "anajua kila kitu" na nyumbani ni kiziwi: yule anayemwogopa hayupo, na kati yake na watu wa nyumbani hakijajengwa kitu. Baya zaidi, kajifunza kwamba mkono ukielekea kwenye kola, maumivu yanafuata. Siku mlinzi atakapotaka kumfunga kamba usiku, atang'atwa, halafu lawama zote za mbwa.

Na hayo mapenzi aliyoyacheka si mambo ya watu wenye nafasi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ileile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto mchanga. Ila mbwa mwenye hofu usimkazie macho, kwake hilo ni tishio. Subiri akutazame mwenyewe, kisha mlipe.

Kumlipa nako kuna ufundi wake. Maini yaliyochemshwa bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), yakatwe madogo kama punje ya mahindi. Robo kilo inakwenda siku kadhaa ukiigandisha. Ukikata vipande vya kitoweo, mara ya kumi keshashiba, anatafuta kivuli. Wiki ya kwanza usitenge sufuria nzima ya ugali na dagaa ukaenda zako. Sehemu ya mlo itoke mkononi mwako, kibonge kimoja kimoja, ajue riziki yake inapita wapi.

Unaanza na jina, amri baadaye. Taja "Tomi" mara moja. Akigeuza kichwa, kipande kimfikie ndani ya sekunde moja. Ukipekua mfuko sekunde tatu, utakuwa umelipia alichofanya baadaye, labda kunusa ukuta au kukurukia. Rudia mara kumi, muache. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla jua halijapanda na baada ya kushuka. Kwa joto la Dar, mbwa wa saa saba mchana hafundishiki, anahema tu.

Kinachoharibu kazi yote ni kugombeza kwa jina. "Tomi! Tomi we! Tomi!" halafu unashangaa akiitwa anakimbilia nyuma ya tangi la maji. "Njoo" nayo vivyo hivyo. Ukiita ukapiga, au kila ukiita unamfungia, neno limekufa, na kulifufua ni kazi kuliko kuanza na neno jipya. Mara nne muite, mpe kipande, mwachie aendelee na yake. Ya tano ndiyo umfungie.

Kumgusa, usimwinamie. Chuchumaa ubavu wako ukiwa upande wake, mpapase kifua au chini ya kidevu sekunde tatu, ondoa mkono. Akisogea, endelea. Akigeuza kichwa au akijikung'uta kama aliyelowa wakati ni mkavu, kakwambia basi. Kipimo hiki ni bure, na bosi wetu hakukifanya hata mara moja mbele yangu.

Lugha nayo. Amri zote Kiingereza, wakati dada wa kazi na mlinzi, wanaoshinda na mbwa kutwa kucha, wanasema "njoo" na "kaa". Na "kaa" ina mtego wake: kaa chini au kaa hapohapo? Mwanadamu anaelewa kwa muktadha, mbwa hapana. Chagueni "keti" kwa kukaa na "subiri" kwa kutulia, nyumba nzima iseme neno moja. Kituo hakikuita mtu hata mmoja wa nyumbani kufundishwa, na hiyo ndiyo nusu ya kazi. Labda zaidi ya nusu.

Haki yao niwape. Tomi alirudi msafi, hana kupe, na kwenye kamba havuti tena. Nilikuwa nawapa nyota mbili.

Nikakumbuka yule kijana wa kufagia mabanda. Alipopita, mkia wa Tomi ukalegea. Kijana akachuchumaa ubavuni, akatoa mfukoni kibonge cha ugali wa jana, na Tomi akamwegemea mguuni kwa uzito wake wote. Wiki tatu, na mafunzo ya maana aliyoyapata yametoka kwa mtu mwenye ufagio. Mwalimu akamfokea: "Usimdekeze!"

Nyota moja, basi, na hiyo ni ya kijana.

Mwenye mbwa aliyerudi hivi asikimbilie mwalimu mwingine. Mnyororo utupwe, umvalishe mkanda wa kifuani. Siku kumi na nne hivi asipewe amri yoyote. Apewe chakula cha mkononi, matembezi ya taratibu kwenye kamba ndefu, anuse anachotaka, na kila mkono unapoigusa kola, kipande cha ini kifuate papo hapo. Anza kwa kuigusa tu, kisha kuishika, kisha kuivuta kidogo sana. Akilamba pua, umeharakisha, rudi hatua moja nyuma. Usifurahie kwamba ametulia kimya pembeni, maana mbwa aliyekata tamaa naye hutulia. Mkia ukilegea na mdomo ukifunguka, hapo anza na jina.

Na ile kamba yangu ya mita tano niliyompeleka nayo haijarudi hadi leo. Nimepiga simu mara mbili, wanasema bosi ametoka.