Kabla ya kulipia programu ya kufuatilia simu: kipi kianze, kipi kiachwe

Katika orodha yetu ya njia za kumfuatilia mtoto au ndugu, namba moja haiuzwi. Kwa mtoto mwenye simu ya Android ni Google Family Link; kwa mwenye iPhone ni Muda wa Skrini (Screen Time), ambao tayari umo kwenye mipangilio. Zote ni za bure, huweka kikomo cha saa za kutumia simu na huzuia programu kupakuliwa bila idhini ya mzazi. Simu ilipo utaiona kwenye Family Link, au kwenye Find My kwa iPhone. Hazisomi ujumbe wa WhatsApp, na kwetu hilo si kasoro.

Wanaolalamika kwamba hazifanyi kazi mara nyingi wamekosea mwanzoni. Family Link husimamia akaunti, kwa hiyo simu lazima iwe na akaunti ya mtoto yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Ukiingiza akaunti yako mwenyewe, hakuna cha kusimamia. Kisha kagua kama hali ya kuokoa betri imewashwa, maana ndiyo huchelewesha taarifa za mahali. Bando likiisha, ramani hubaki na sehemu ya mwisho iliyopokelewa. Soma kwanza ni ya saa ngapi kabla hujakurupuka kutoka mbio. Kwenye iPhone, namba ya siri ya Muda wa Skrini isifanane na ile ya kufungulia simu. Mtoto anaijua hiyo tayari.

Kwa ndugu mtu mzima mwenye akili timamu, mwombe akushirikishe mahali alipo kupitia Google Maps. WhatsApp nayo hufanya hivyo, ila kwa dakika 15, saa 1 au saa 8 tu, kwa hiyo inafaa safari moja.

Namba mbili ni saa ya GPS inayotumia laini, na hapa ndipo pesa inapostahili kutoka. Mzee anayepoteza kumbukumbu huiacha simu mezani akatoka. Saa hubaki mkononi. Kabla ya kulipa, hakikisha mtandao wa simu unaotegemea unaendana na saa: zile za mtandao wa zamani wa 2G pekee zinageuka pambo pale mitandao hiyo inapozimwa. Ondoa PIN ya laini ikiwa bado kwenye simu, ndipo uiweke kwenye saa, la sivyo nyingi haziunganishi. Kutuma mahali kila dakika humaliza betri haraka. Anza na kila dakika 10 na uichaji wakati ule ule kila siku. Ndani ya jengo la zege GPS hupotea na saa hukisia kwa minara ya simu, hivyo alama inaweza kuwa mbali kwa mamia ya mita. Na badilisha nywila ya saa siku ile ile: mwaka 2019 kampuni ya usalama wa mtandao ya Avast iligundua vifuatiliaji takriban 600,000 vikiwa bado na 123456.

Programu za kulipia kama Qustodio na Bark ni namba tatu. Zinachuja tovuti vizuri zaidi, lakini kwenye iPhone zinaona machache kuliko kwenye Android. Zijaribu kwanza kwenye simu ya mtoto yenyewe, na uangalie kama malipo hujirudia yenyewe. AirTag, kifaa kidogo cha Apple cha kutafutia vitu, ni ya nne: haina GPS, hutegemea vifaa vya Apple vilivyo jirani. Ifunge kwenye begi, usiitegemee kwa mtu.

Ya mwisho, wala usiinunue, ni programu ya kupeleleza inayojificha kwenye simu. Utaijua: hupakuliwa nje ya Play Store, hukuambia uzime Play Protect (kinga ya Google dhidi ya programu hatari), kisha huficha ikoni yake. Picha na ujumbe wa mtoto huenda kwenye seva usiyoijua, na kumfuatilia mtu mzima kwa siri ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Mwaka 2021 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliipiga marufuku SpyFone, kampuni ya programu za aina hii, kufanya biashara hiyo. Kama tayari umeiweka, iondolee kwanza ruhusa ya usimamizi wa kifaa kwenye mipangilio ya usalama, kwa sababu bila hivyo haitafutika. Kisha ifute, washa Play Protect na ubadilishe nywila za akaunti zote zilizokuwa kwenye simu hiyo.