CBA yetu ya stima imesajiliwa, napeana nyota nne kati ya tano

Wengi mnaniuliza kama hii CBA mpya, yaani mkataba wa mshahara na masharti ya kazi kati ya chama chetu cha wafanyakazi na mwajiri, iko na maana ama ni makaratasi tu, basi wacha niandike rivyu kabisa, juu hata hii ni huduma tunalipia, pesa ya chama inakatwa kwa pesilipu kila mwezi kabla hujagusa mshahara. Mimi ni fundi wa laini, wale mnaona juu ya nguzo usiku transfoma ikilipuka. Kampuni sitaitaja.

Kitu ya kwanza na ndio kubwa kuliko zote ni muhuri wa mahakama. Siku ile viongozi wa chama walisaini na mameneja watu walishangilia sana, picha zikajaa WhatsApp, kuna hata wenye walienda kuchukua mkopo wa sacco wakihesabu mshahara mpya, lakini ukisoma Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 kifungu cha 59 utaona makubaliano yanaanza kuwa na nguvu yakishasajiliwa na mahakama ya kazi, halafu yanahesabiwa kutoka tarehe yenye pande mbili zilikubaliana. Kwa hivyo ile saini peke yake bado haikupi kitu ya kushika. Na kama unadhani hiyo ni maneno ya mawakili tu, kumbuka madaktari, CBA yao ilisainiwa Juni 2013 na haikusajiliwa, serikali ikashikilia hapo hapo, mpaka wakagoma kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, siku 100, viongozi wao wakafungwa jela, wagonjwa wakaumia. Hiyo yote na mkataba umesainiwa!

Sasa hapo ndio napunguza nyota moja, na ni juu ya mwajiri wetu. Kifungu cha 60 kinasema mwajiri ndiye anapeleka mkataba kortini ndani ya siku 14 baada ya kukubaliana. Wetu ukakaa kwa ofisi ya mtu. Ukiuliza unaambiwa uko kwa lego, ile idara ya sheria, ukienda lego unaambiwa uko kwa fainansi, na hakuna mtu anakuandikia barua. Bahati nzuri sheria hiyo hiyo inasema mwajiri asipopeleka chama kinaweza kupeleka, na stewadi wetu, yaani mwakilishi wa chama hapa kazini, mama mmoja mpole lakini hasahau kitu, alibeba hilo jambo mpaka chama kikaenda chenyewe. Huyo mama mimi namheshimu sana. Hakupiga kelele kwa mkutano, alikuwa anakuja na nakala ya sheria imepigwa mstari na kalamu nyekundu, anaisoma, anakaa.

Haya, pesa. Usiangalie asilimia yenye imetangazwa, angalia yenye itafika kwa akaunti. Kila shilingi 1,000 yenye umeongezwa, kama mshahara wako uko ile bendi ya PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya asilimia 30, yaani juu ya 32,333 baada ya makato, SHIF ya bima ya afya inachukua 27.50, ushuru wa nyumba 15, halafu PAYE inakula karibu 287, unabaki na kama 670 na bado NSSF ya pensheni na chama hawajapita. Na malimbikizo, ile nyongeza ya miezi ya nyuma, yakija kwa mkupuo pia yanakatwa, kwa hivyo yule alikuwa anahesabu atalipia school fees ya mwaka mzima na malimbikizo pekee apunguze hesabu. Sisemi hivi kuvunja mtu moyo, nasema juu nimeona watu wakigombana na mhasibu kwa kitu mhasibu hana uwezo nayo.

Lakini mimi kwa hii CBA chenye kimenifurahisha zaidi hata si ile nyongeza, ni kipengele cha standbai, ile ya kukaa tayari kuitwa kazi usiku. Zamani ukiitwa usiku masaa yalikuwa yanahesabiwa kutoka wakati umesaini kitabu pale depo, sasa mtu anaamshwa saa nane usiku, anatafuta boda kwa mvua, anafika saa tisa, hiyo saa nzima imeenda bure. Sasa imeandikwa masaa yanaanza wakati simu imepigwa, na simu zote ziko kwa rekodi ya kituo, hakuna kubishana. Ni laini mbili tu kwa karatasi na ukiwa hufanyi hii kazi utazipita, lakini mwenye aliandika hizo laini anajua kupanda nguzo ya 11 kV, yaani volti 11,000, na usingizi kwa macho ni nini. Tena kwa vile imesajiliwa, hizo laini mbili zimeingia ndani ya mkataba wako wewe binafsi wa kazi, meneja mpya hawezi kuja kusema hapa tunafanya tofauti.

Wenye inawaacha nje ni hawa vijana wa kontrakta. Wanavaa rifleka, zile jaketi za kung'aa, kama sisi, wanapanda nguzo hiyo hiyo, stima inaweza kuwapiga vile vile, lakini mwajiri wao kisheria ni mtu mwingine kwa hivyo CBA haiwagusi. Hii inaniuma. Wakijiunga na chama na kupita nusu ya wafanyakazi wa huyo kontrakta, kifungu cha 54 kinamlazimisha akitambue chama na waanze kujadiliana yao, na nadhani chama kingeanza kazi hiyo sasa hivi, kisingoje mpaka mmoja aanguke. Na wewe mwenye umeajiriwa na hujajiunga na chama, ukiwa kwa gredi za chama hii nyongeza unapata pia, kwa hivyo ukiona ada ya wakala, ile asiye mwanachama anakatwa kwa kufaidi mkataba wa chama, imekatwa usishangae, iko kwa sheria.

Ombi langu kwa chama, tafadhali chapisheni kitabu kwa Kiswahili. Nakala iko Kiingereza cha korti, kurasa nyingi, na kuna wazee kwa stoo wamefanya kazi miaka mingi na bado wanauliza vijana leave allowance imefika ngapi.

Wale walistaafu baada ya tarehe ya kuanza lakini kabla ya muhuri, kwetu imeandikwa wazi malimbikizo ni yao mpaka siku ya mwisho ya kazi, kama unamjua mmoja mpigie simu leo, aende HR na kitambulisho na barua ya kustaafu, na kama alishafariki familia iende. Kuna wengine walirudi ushago na hakuna mtu amewaambia.