Jukwaa la kununulia dhahabu na mafuta mtandaoni: lipi litangulie?

Wengi huchagua jukwaa kwa kuangalia programu inavyopendeza kwenye simu na bonasi ya kujiunga. Mimi naanza na swali jingine: ukibonyeza "nunua" kwenye dhahabu, umenunua nini hasa? Mpangilio huu umetokana na jibu lake.

Nafasi ya kwanza nawapa madalali wa kawaida wa hisa wanaokuuzia pia mifuko ya uwekezaji wa dhahabu. Mfuko kama GLD, ulioingia sokoni mwaka 2004, una dhahabu yenyewe ghalani, nawe unanunua sehemu yake kama unavyonunua hisa. Ukilipa taslimu bila kukopa, bei ikishuka asilimia 5 umepungukiwa asilimia 5, basi. Mafuta ni habari nyingine. Mfuko kama USO hauweki mapipa. Unashika mikataba ya fyucha, yaani ya kununua au kuuza bidhaa tarehe ya baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo, na kuibadilisha na ya mwezi unaofuata kabla tarehe yake haijafika. Mkataba wa mwezi unaofuata ukiwa ghali kuliko wa sasa, mabadiliko hayo hutafuna mtaji taratibu, na wengi hushangaa mafuta yamepanda ilhali mfuko wao umedorora.

Wa pili ni madalali wa fyucha, mfano Interactive Brokers. Hapa oda yako inafika kwenye soko halisi, kama CME la Chicago. Tatizo ni ukubwa: mkataba kamili wa WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ni mapipa 1,000, wa dhahabu wakia 100. Ipo midogo ya mapipa 100 na wakia 10. Dalali asiyeitoa, mpite. Tena muulize mfumo wake unafanyaje bei ikishuka chini ya sifuri. Si mzaha: tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa WTI wa Mei ulifunga kwa dola -37.63 kwa pipa, na kuna mifumo iliyoshindwa kupokea bei hasi huku wateja wakitaka kutoka. Zidisha mara 1,000 uone deni.

Wa tatu ni majukwaa ya CFD, mikataba ya kulipana tofauti ya bei tu. Humiliki chochote; unabashiri bei, na mara nyingi anayesimama upande wa pili ni dalali mwenyewe. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza pesa, ikaweka kikomo cha leveraji, yaani biashara yako iwe kubwa mara ngapi kuliko dhamana uliyoweka: mara 20 kwa dhahabu, mara 10 kwa bidhaa nyingine. Kwa mara 20, bei ikikugeuka asilimia 5 dhamana yote imekwenda. Kwa anayekupa mara 500, inatosha bei ikugeuke asilimia 0.2 tu, mwendo ambao dhahabu huumaliza kabla chai haijapoa. Ongeza ada ya kila usiku unaolala na oda wazi. Na usidanganywe na dalali kutumia MetaTrader: ni programu tu ya kuwekea oda, si leseni.

Wanaokufuata kwenye makundi ya WhatsApp na faida ya uhakika siwapi nafasi yoyote.

Kabla ya kuweka pesa, fungua mwenyewe tovuti ya mdhibiti, kama FCA ya Uingereza, ulinganishe namba ya leseni na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana matapeli huiga majina ya kampuni halali. Kisha weka kiasi kidogo na ujaribu kukitoa. Wakidai "kodi" au "ada ya kufungulia" kwanza, usiongeze hata senti.